Vifungo vya Neema

Jumamosi, 6 Julai 2024

Quakers Hill. Leo ni miaka ishirini na saba na miezi tisa tangu nitoke kwetu Uvira. Minane kambini Tanzania, iliyobaki hapa. Huwa nahesabu Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nikimaliza kutia saa ya ukutani ufunguo.

Chai, dawa ya presha, mkate. Nilikuwa nakaza mpini wa sufuria ya binti yangu Zawadi wakati binti yake alipoingia na mbao mbili ndefu begani. Skii. Neema amezinunua kwa mtu wa Parramatta. Zimetumika. Hazina vifungo. Matundu ya skrubu za zamani yamezibwa kwa gundi, na kazi hiyo imefanywa vizuri.

Mjukuu wangu wa pekee, nesi, miaka ishirini na minne, anataka kupanda mlima wa theluji kwa miguu yake mwenyewe, skii zikiwa miguuni, kisha ateremke kwa kuteleza. Siku tatu. Mwezi ujao. Anataka nimsaidie kuchagua vifungo vya kushikia buti, na kuvirekebisha. Mimi, fundi wa mashine za taipu. Nilikubali kabla sijaelewa.

Neno kifungo. Kwenye shati ni kitu kidogo cha duara. Mahakamani ni miaka. Mimi nilitumikia miezi kumi na minne ya kifungo bila kumwona hakimu. Sasa naenda dukani kuchagua kifungo. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 10 Julai

Treni hadi mjini na Neema. Duka la vifaa vya milimani, ghorofa mbili. Muuzaji ni mama wa makamo aliyechorwa milima mkononi. Anaongea haraka. Nilielewa robo.

Kuna aina tatu. Ya kwanza ina fremu nzima inayoinuka pamoja na kisigino. Nzito kama pasi ya mkaa. Ya pili ni ya pini: mbele pini mbili zinaingia kwenye vishimo vya ncha ya buti, nyuma pini nyingine mbili zinashika kisigino. Nyepesi kama kufuli ya sanduku. Ya tatu ni chotara wa hizo mbili, na bei yake sikuitazama mara ya pili.

Niliuliza swali moja. Ipi inaachia mguu mtu akianguka? Mama akasema zote. Nikauliza, ipi haiachii? Akasema zote, ukizitumia vibaya.

Sielewi. Kitu kinachotengenezwa ili kishike, halafu sifa yake kubwa ni kuachia. Kwa springi ileile. Mashine ya taipu haikuwa na utata wa namna hii. Herufi ilipiga au haikupiga.

Neema alichagua za pini kwa sababu ya uzito. Mimi ningechukua za fremu. 

Ijumaa, 19 Julai

Dukani wametoboa na kufunga. Mimi sina kigezo cha kutobolea, na sikutaka kubahatisha. Wameweka namba tano na nusu. Namba hiyo ndiyo inayoamua mguu uachiwe mapema au kwa kuchelewa. Wanaipata kwenye jedwali: uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti, na jinsi mtu mwenyewe anavyoteleza, awe mwoga au jasiri. Neema alijiandikisha katikati. Nilimtazama. Nadhani alidanganya kidogo kwenda upande wa ujasiri.

Nyumbani nilipima upya kwa kaliper. Kati ya kisigino cha buti na kifungo cha nyuma panatakiwa pengo la milimita nne. Kushoto nne kamili. Kulia tano na ushei. Nikazungusha skrubu kidogo, nikapima, nikazungusha tena. Nne. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 20 Julai

Mazoezi sebuleni, juu ya kapeti. Achieng alikuja. Mkenya, nesi mwenzake Neema, yeye tayari ameteleza misimu mitatu. Alikanyaga kifungo cha mbele, meno yenye zile pini yakabana buti kwa kishindo, nikaruka.

"Babu, hii si kifungo, hii ni mtego wa panya!"

Zawadi alipita na nguo za kazi, akielekea kwenye zamu yake ya kutunza wazee. "Papa, muchunge kapeti. Nyumba si yetu." Hakutazama skii. Hapendi jambo hili tangu mwanzo. Anasema watu wetu walikimbia milima, hawakuilipia.

Naandika jinsi kinavyofanya kazi, ili nisisahau. Mbele ya kifungo kuna kipande cha plastiki kinachotokeza. Nakiita ulimi. Ulimi ukishushwa chini kabisa, meno yanafunguka na buti inaingia au kutoka. Ukikanyaga, ulimi unapanda wenyewe hadi katikati: pini zimeshika, lakini mguu ukisokotwa zinaachia. Hiyo ni hali ya kuteremka. Ukiuvuta ulimi juu kabisa, pini zimekomewa. Haziachii kwa lolote. Hiyo ni hali ya kupanda tu, kifungo cha nyuma kikiwa kimegeuzwa pembeni na kisigino kikiwa huru.

Kupanda kuna jambo lake lingine. Chini ya skii wanabandika utepe wenye manyoya, wanauita ngozi. Manyoya yamelala upande mmoja. Inasonga mbele, hairudi nyuma. Hilo nililielewa mara moja.

Jumapili, 28 Julai

Neema amerudi kutoka jaribio la kwanza. Siku mbili. Paja lina rangi ya bilinganya. Wakati wa kuteremka kifungo cha mbele kilifunguka chenyewe mara nne, kabla yeye hajaanguka. Skii inakwenda, mtu anabaki. Achieng alisimulia yote mlangoni kabla hajavua koti.

"Babu, huyu amekuja na makalio mlima mzima. Skii zilitangulia kufika kwenye gari."

Neema alicheka na sisi. Halafu akaenda chumbani mwake na nikajua hakuwa anacheka. Ameogopa. Aliniambia baadaye, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba kitu kibaya zaidi ni kutojua lini kitaachia.

Nimechanganyikiwa. Namba ni sahihi. Pengo ni sahihi. Pini hazijalika. Kwa nini kinaachia?

Jumatatu, 29 Julai

Asubuhi nzima mezani, karakanani, yaani kona yangu ya gereji.

Kwanza nilishuku springi. Hapana. Halafu vishimo vya buti. Nikaingiza kijiti cha meno: vina matope makavu. Kidogo tu. Hayatoshi.

Ilikuwa saa tano nilipofikiria barafu. Nilichukua barafu ya friji, nikaisaga kwa nyundo ndani ya taulo, nikaishindilia chini ya meno ya kifungo, pale springi zinapokunjukia. Nikakanyaga buti. Kishindo kilekile. Ulimi ulionekana umepanda. Lakini pini hazikuwa zimeingia hadi mwisho. Kama mlango uliosukumwa bila kitasa kushika. Nikaugonga ubavu wa buti kwa kiganja. Ikaruka.

Hiyo ndiyo sababu. Theluji inashindiliwa chini ya meno, inaganda, meno hayafungi.

Nimekunja spoku ya baiskeli iwe kikwanguo na kuitia mpini wa kipande cha bomba. Kazi safi.

Kisha nikafanya jambo la pili ambalo halikuhitajika. Nikapandisha namba iliyo kwenye kifungo cha nyuma kutoka tano na nusu hadi sita. Pande zote. Sijui kwa nini. Nilitaka asianguke tena.

Jumanne, 6 Agosti

Safari ni Ijumaa. Neema aliomba nimwandikie utaratibu. Mlimani, kwenye upepo, anasahau kipi kinatangulia kipi. Nilidhani ataomba kwa Kiingereza. Akasema hapana. "Andika vile unasema, Babu. Nikisoma nikusikie."

Hajawahi kuniomba hivyo. Alisoma Kiswahili kwangu, utotoni, miezi michache, kisha shule ikamchukua. Anaelewa, anajibu kwa lugha yao. Nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko nilivyokaa na barua yoyote.

Kadi moja, ukubwa wa kiganja, herufi kubwa, nimeifunika kwa utepe wa plastiki. Upande mmoja kupanda. Upande mwingine kushuka: Toa ngozi. Geuza kisigino. Kwangua barafu. Kanyaga mbele. Regeza ulimi. Kanyaga nyuma. Nenda pole.

Aliisoma mbele yangu kwa midomo tu, bila sauti. Akaitia mfuko wa kifuani.

Ijumaa, 9 Agosti

Wameondoka saa kumi na moja alfajiri. Neema, Achieng, na wenzao wawili wa hospitali. Saa sita za barabara. Zawadi alijaza jagi maharage, akawapa. Akarudi ndani.

Jumamosi, 10 Agosti

Hakuna simu. Alisema hapatakuwa na mtandao. Nimesoma kurasa arobaini na sikumbuki hata moja.

Jumapili, 11 Agosti

Neema amevunjika mguu.

Achieng alipiga saa nane mchana. Kulia, chini ya goti, mfupa wa muundi. Jana, mteremko wa pili, mahali si pakali, mwendo mdogo. Skii ilichoma ndani ya theluji laini, mwili ukageuka, skii haikugeuka. Haikuachia. Wamemvuta kwa machela ya kutelezea kwa saa tatu hadi waokoaji walipowafikia. Yuko hospitali Canberra.

Haikuachia.

Jumatatu, 12 Agosti

Upasuaji umekwisha. Chuma ndani ya mfupa. Zawadi yuko naye hospitalini tangu jana usiku. Alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Papa, muliishikashika ile kitu."

 Ni kweli. Niliishikashika.

Alhamisi, 15 Agosti

Namba sita. Nusu namba. Mimi ndiye niliyeipandisha, siku ile, bila sababu. Nimeandika mwenyewe katika daftari hili kwamba sijui kwa nini. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi leo.

Daktari amemwambia Neema miezi sita kabla ya kurudi kwenye zamu za wodini. Huenda zaidi. Kazi ya kusimama. Kuna siku mfupa kama huo haushiki vizuri na wanarudia upasuaji. Zawadi alinisomea hayo kutoka kwenye simu, kama anayesoma tangazo, akaenda kupika.

Nimevunja mguu wa mtoto.

Ijumaa, 16 Agosti

Achieng alileta skii na begi. Nilimwambia habari ya nusu namba, yote. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanisikiliza, akakuna kichwa.

"Babu, mimi natumia saba. Na niko size ya Neema. Wacha kujimaliza."

Alitaka kunifariji. Lakini pia alisema jambo nililoandika kwenye bahasha ili nisilipoteze: Neema alipolala kwenye theluji, walishindwa kumvua skii. Ilibidi Achieng asukume ulimi chini kwa nguvu za mikono miwili.

Kwa nguvu. Kwa nini kwa nguvu?

Jumanne, 20 Agosti

Nimezipeleka skii mjini. Treni, peke yangu, mbao begani. Watu walinipisha. Mzee mweusi mwenye skii, siku ya jua. Mtoto mmoja alinipigia saluti.

Mama mwenye milima mkononi alinikumbuka. Nilimwambia kilichotokea. Aliniomba nikae. Waliweka buti na kifungo kwenye mashine yao ya kupimia, inayosokota mguu wa chuma na kusoma nguvu. Kulia iliachia. Mara tano, iliachia. Kwa namba sita, ndani ya kiasi kinachoruhusiwa kwa uzito wake. Kushoto vilevile.

Kifungo ni kizima. Nusu namba haikuvunja mfupa.

Nilitegemea kupata nafuu. Sikupata. Kama si springi, si pengo, si namba, si barafu, basi ni nini? Mama alitoa jibu moja tu. Ulimi ulikuwa juu. Ulikomewa. Wanaoanza hufanya hivyo, alisema, wanasahau kuuacha katikati.

Neema si mtu wa kusahau. Hupima dawa za watu.

Jumamosi, 24 Agosti

Yuko nyumbani. Sofa, mito mitatu, magongo. Amekonda usoni. Aliniita nikae karibu, akanishika mkono, akasema nisihuzunike, si kosa langu. Kisha akasema neno ambalo halijanitoka tangu hapo. Alisema hata yeye haelewi, kwa sababu alifuata kadi. Kila mstari. Kwa sauti.

Kila mstari.

Nimeitoa kadi kwenye mfuko wa koti lake. Nimeisoma mara kumi. Haina kosa. Sioni kosa. Najua Kiswahili kuliko ninavyojua kitu chochote na sioni kosa.

Jumapili, 25 Agosti

Niandike polepole.

Zawadi alikwenda kanisani. Nilichukua skii ya kulia kutoka gereji, nikaiweka mapajani mwa Neema juu ya mto, na buti yake tupu ikiwa imekanyagishwa mbele. Ulimi katikati. Nikampa kadi. Nikamwambia: soma, na kila unachosoma, fanya kwa mkono.

Alisoma. Kisigino, akageuza. Barafu, akaigiza kukwangua. Kanyaga mbele, tayari. Regeza ulimi.

Mkono wake ukaenda juu. Akauvuta ulimi hadi mwisho. Nikasikia ukikomea.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Juu.

"Regeza ni nini?" nilimuuliza.

Akanitazama kama namtania. "Kurudisha, Babu. Ulikuwa juu tukipanda. Nikaurudisha juu."

"Nani alikuambia regeza ni kurudisha?"

Akajibu kwa Kiswahili, na ndiyo maana naweza kuyaandika maneno yake hasa. "Wewe. Si kila siku unasema tukiregea? Tukiregea nyumbani, tukiregea kwetu. Tangu niko mudogo."

Saa ya ukutani ilikuwa inapiga.  Yeye akaanza kuelewa kutokana na uso wangu, maana aliacha kutabasamu, akatazama ulimi, akatazama kadi. Halafu akauliza, kwa Kiingereza, ilimaanisha nini.

Nikamwambia. Legeza. Uache ulegee. Uache katikati, usiukomee.

Aliweka kadi chini. Kisha akaniambia jambo moja zaidi, ambalo ni la haki niliandike. Pale juu alijua. Achieng alishamfundisha kwamba kuteremka ulimi unabaki katikati. Alisita. Akakumbuka kile kifungo kilivyomwacha mara nne safari iliyopita, akaona kwamba Babu ameliwazia hilo, kwamba Babu anataka afunge zaidi asianguke. Akaifuata kadi.

Jumatatu, 26 Agosti

Kamusi yangu kuukuu, ile ya kambini, haina jalada. Regea. Maana ya kwanza: legea, kosa kukaza. Maana ya pili: rejea, rudi ulikotoka. Neno moja, mstari mmoja juu ya mwingine. Nimelisoma neno hili maisha yangu yote bila kuona shimo lililomo.

Shuleni kambini nilifundisha legeza, kwa L. Katika mtihani ningemsahihisha mtoto kwa kalamu nyekundu. Lakini nyumbani kwetu mama alisema regeza kamba ya mbuzi, regeza mkanda. Na mama huyohuyo alisema utaregea lini. Sisi hatukukosea kamwe. Tulijua kwa kusikia. Neema aliniambia niandike ninavyosema. Niliandika ninavyosema.

Hakuwa na jinsi ya kujua. Kamba ya mbuzi hakuiona. Mkanda hakuna aliyemwambia auregeze. Kati ya maana mbili alisikia moja tu kwangu, maelfu ya mara, mezani, kwenye gari, kwenye simu na ndugu. Tukiregea.

Sijui nimkasirikie nani. Nimejaribu. Kamusi. Mama. Nimerudi kwangu kila mara.

Jumanne, 27 Agosti

Nimemwambia Zawadi. Jikoni, akikatakata vitunguu. Nilidhani atapiga kelele, na nilitaka apige.

Alicheka kwanza. Cheko baya, la pumzi. Kisha akakaa kwenye kiti na kisu mkononi na machozi, na sikujua ni ya vitunguu au la.

"Papa, mimi nilishazoea. Mukisema tukiregea, nasikia kama mutu anasema leo kuna upepo. Sikujua mutoto anasikiliza."

Sikujua mutoto anasikiliza. Hata mimi.

Nilikuwa nimesema maneno hayo kwa ajili ya nani, basi? Marehemu mke wangu hakuyapenda. Alisema ninawanyima watoto usingizi. Nilidhani nayasema ili wajue wanatoka wapi. Leo sina hakika. Labda nilikuwa nayasema kama mtu anavyokohoa.

Jumapili, 1 Septemba

Jumapili ya akina baba hapa. Neema alinipa soksi. Amenikasirikia, jambo ambalo ni afya. Alisema ningeweza kuchora picha. Mshale mmoja. Nikasema kweli. Akasema mimi ni fundi, fundi huchora. Nikasema kweli. Akasema naye ni mjinga, angemwamini Achieng. Hapo nikakataa.

Nilimletea chai. Baadaye aliomba nimfundishe maneno mengine ya nyumbani yenye mitego kama hiyo. Nilimpa matatu. Akayaandika kwenye simu. Nilimsahihisha moja.

Jumatano, 11 Septemba

Daktari. Picha ya mfupa. Umeanza kushika. Hakuna upasuaji wa pili, kwa sasa. Daktari alisema kwa sasa mara mbili. Zawadi aliendesha gari kurudi nyumbani akiimba wimbo wa kwaya, kwa sauti ndogo, na aliponiona namsikiliza hakuacha.

Achieng alikuja jioni na mkate wa ndizi. Aliniambia nihamie kwenye mambo ya baiskeli, huko hakuna maneno. Neema akamrushia mto.

Jumapili, 22 Septemba

Joto kidogo. Mchana nilikaa na Neema nyuma ya nyumba, mguu wake juu ya kreti la maziwa. Anatembea na gongo moja. Skii hatauza. Anasema mwaka kesho, au mwaka unaofuata. Sikupinga.

Alikuwa anamenya chungwa. Bila kunitazama akauliza kwa Kiswahili, akitafuta kila neno: "Babu, utaregea lini?"

Lini. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza lini. Mimi pia sikujiuliza. Niliona kwamba hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua, kama anavyomuuliza mgonjwa maumivu yako wapi.

Nilifikiri juu yake kwa makini, kama ningefikiri juu ya springi. Nyumba yetu Uvira ina watu wengine ndani. Ndugu zangu wa mwisho wako makaburini au Bujumbura. Goti langu, presha yangu. Na huyu hapa, kipande cha chungwa mkononi, anayejaribu kunyoosha maneno ya mama yangu ambaye hakumwona. Nilitafuta ndani yangu kipande kinachosema ndiyo. Sikukipata. Nadhani hakijakuwepo kwa miaka mingi.

Nilimjibu hapohapo. Akasema sawa, Babu. Akanipa nusu ya chungwa, tukala.

Niandike na hapa, kwa neno lisilo na maana mbili. Sitarudi.